Kusaka sahihi za mastaa: Wikendi moja na beshte hadi Isiolo

Hebu fikiria ukumbi wa hoteli kule Marekani, Jumamosi asubuhi. Meza zimepangwa bega kwa bega kama vibanda vya Gikomba, ila hapa hauziwi mitumba. Nyuma ya kila meza ameketi mtu uliyewahi kumwona kwenye runinga: mwigizaji wa filamu za zamani, mwanamieleka aliyestaafu, mshiriki wa kipindi cha mashindano. Bei imebandikwa mbele yake. Sahihi kwenye picha, bei yake. Kupigwa picha naye, bei yake. Unapanga foleni, unalipa, anakuuliza jina lako linaandikwaje, anasaini, anatabasamu, na aliye nyuma yako anasogea mbele.

Kwao hiyo ni wikendi kabisa. Marafiki wawili wanachanga pesa za mafuta, wanaendesha gari saa sita au saba, wanalala chumba kimoja cha bei nafuu, wanarudi Jumapili na karatasi yenye jina la staa.

Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Tuna uzinduzi wa vitabu ambapo mwandishi hukutilia sahihi kwenye nakala yako. Tuna tamasha ambapo ukilipia tiketi ya VIP unapata sekunde chache na msanii. Na tuna selfi, ambayo imeiacha kalamu bila kazi. Sahihi ambazo wengi wetu tunazo ni zile za mashati ya shule, tuliposainiana siku ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne, kisha mama akayafua kwa hasira.

Mwenye kunionyesha video ya onyesho la sahihi ni beshte wangu wa tangu chuo, Mborana aliyezaliwa Isiolo. Kwenye meza moja alikuwa ameketi mshiriki wa zamani wa Survivor, kile kipindi cha Kimarekani ambacho watu hupelekwa porini kisha wakatolewa mmoja baada ya mwingine hadi abaki mshindi. Beshte akaisimamisha video, akanitazama.

“Buda, unajua msimu mmoja wa hii kitu ulirekodiwa kwetu? Kuna watu wamekuwa mastaa kwa kulala Shaba. Na wewe nakualika mwaka wa saba huu, hujawahi kuja hata kunywa chai.”

Alisema kweli. Nilikuwa na vijisababu vyangu: ni mbali, kuna joto, usalama je? Huenda nawe una beshte wa namna hiyo na vijisababu kama hivyo. Basi hii hapa safari yetu. Ukiipenda, iibe.

Kabla ya kuwasha gari

Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni karibu kilomita 280, na ni lami mwanzo hadi mwisho. Ondokeni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ili mlipite jiji kabla halijaamka. Kama hamna gari, msijali, matatu za Isiolo zipo kila siku.

Jambo la maana zaidi ni pesa, na mzungumzie jana yake. Nani analipa mafuta, nani chakula, mtalala wapi, kiingilio cha mbuga kiasi gani. Kuna marafiki waliogombana wakifika Karatina kwa sababu hawakuelewana nani alilipia mafuta ya Juja. Sisi tuliweka kila kitu kwenye kapu moja, kila mtu akatuma nusu yake kwa M-Pesa Ijumaa usiku, tukasahau.

Bebeni maji, sweta na kofia. Sweta ni ya Timau, kofia ni ya Isiolo. Na kila mmoja abebe kitambulisho. Hilo la kitambulisho nitalirudia.

Mastaa watatu njiani

Ukisafiri kuelekea Isiolo kwa njia ya Nanyuki, unapita kwenye barabara iliyokanyagwa na watu maarufu kuliko zulia jekundu lolote la Nairobi. Tulijiwekea mchezo: kila mahali pa staa tunasimama, tunapiga picha moja, na anayejua hadithi yake anaisimulia.

Kituo cha kwanza ni Naro Moru. Eneo hili ndiko ilikorekodiwa filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966 na kushinda tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake. Virginia McKenna na Bill Travers, ambao walikuwa mume na mke hata nje ya filamu, waliigiza kama Joy na George Adamson, waliomlea simba jike Elsa na kumrudisha porini. Kitabu chenyewe cha Joy kilitoka mwaka 1960. Kile ambacho wengi hawakijui ni kwamba George alikuwa afisa wa wanyamapori, na makao yake ya kazi yalikuwa Isiolo. Kwa hivyo simba maarufu kuliko wote duniani, kabla ya yule wa katuni za Disney, alilelewa na watu wa Isiolo.

Kituo cha pili ni Nanyuki. Kila mtu husimama kwenye kibao cha ikweta, nasi tulisimama. Lakini staa wa mji huu ni William Holden, mwigizaji wa Hollywood aliyeshinda Oscar kwa filamu ya Stalag 17. Mwaka 1959 yeye na wenzake walianzisha Mount Kenya Safari Club, klabu ya matajiri na watu wenye majina makubwa. Kama bajeti yenu ni ya chapo na madondo kama yetu, hadithi inatosha, songeni mbele.

Kituo cha tatu hamtakiona kutoka barabarani. Juu ya Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kuna kibanda cha magogo kando ya ziwa dogo la Rutundu. Oktoba 2010 mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton huko. Na hapa ndipo mchezo wetu ulipopata sahihi ya kweli: kabla ya kuondoka, wachumba hao waliacha ujumbe kwenye kitabu cha wageni, kama mgeni mwingine yeyote aliyekodi chumba. Hawakulipisha mtu, hapakuwa na foleni. Waliandika kwa sababu kitabu kilikuwepo, na kalamu ilikuwepo.

Baada ya Timau kuna mashamba makubwa ya ngano na baridi ya kukutoa machozi. Mkifika makutano ya Subuiga, njia ya kulia inakwenda Meru. Yenu ni ile ya Isiolo. Inapinda mara chache, kisha ghafla milima inafunguka na unaiona kaskazini yote chini yako, tambarare ya kahawia inayoishia kwenye vilima vya samawati. Masikio yanaziba kwa jinsi mnavyoteremka haraka. Sweta inavuliwa. Hapo ndipo beshte wangu aliponyamaza, akashusha kioo, akatoa mkono nje.

“Wazee wa huku,” akasema baadaye, “mtu akipanda gari kwenda Nanyuki au Nairobi, walikuwa wanasema anaenda Kenya.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi jioni mjini

Isiolo si mji wa kupita tu kama wengi wanavyodhani. Ndani ya dakika kumi za kutembea tulisikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kisamburu, Kiturkana na Kiswahili cha aina tatu. Kuna msikiti mkubwa ambao unauona kutoka mbali, kuna Probox zinazopakia watu na mizigo kwa wakati mmoja, kuna miraa ya Meru inayouzwa kando ya simu za mitumba. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 2017, na barabara ya lami inaendelea hadi Moyale, mpakani na Ethiopia, karibu kilomita 500 mbele.

Usiondoke kabla ya kunywa maziwa ya ngamia. Biashara hii iko mikononi mwa akina mama. Ushirika wa Anolei, ambao ni wa wanawake wa hapa, hukusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyasafirisha hadi Nairobi, mengi yakiishia Eastleigh. Kwa hivyo kama umewahi kunywa chai ya maziwa ya ngamia kule Eastleigh, huenda ilisafiri usiku kwa barabara ile ile uliyokuja nayo. Yana ladha ya moshi kidogo, kwa sababu vyombo hufukizwa ili yasiharibike upesi. Glasi ya kwanza utakunja uso. Ya pili utaiomba mwenyewe.

Kwao beshte nilipokelewa kama mtoto aliyepotea. Jifunze neno moja kabla ya kuingia boma la Waborana: nagaa, yaani amani. Salamu zao ni kuulizana amani: ya watu, ya watoto, ya mifugo. Nililitamka vibaya, mamake akafurahi hivyo hivyo. “Mwanangu, miaka yote hii tunasikia jina lako tu,” akasema. Sikuwa na jibu. Nilikula.

Sahihi iliyokuwa ngumu kupatikana

Usiku, tukiwa tumekaa nje kwenye mkeka, nilimuuliza beshte kwa mzaha kama amewahi kupata sahihi ya staa yeyote.

“Staa wangu alikuwa chifu,” akasema. “Ukifika ofisini ametoka. Ukirudi yuko mkutanoni. Nilimtafuta miezi kumi na mmoja.”

Hapo ndipo aliponisimulia. Alipomaliza kidato cha nne, wenzake waliosoma naye kutoka sehemu nyingine walienda kuomba vitambulisho, wakavipata baada ya wiki chache. Yeye aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, kitambulisho cha babu, barua ya chifu, kisha asubiri siku ya kikao ambacho wazee na maafisa wangemhoji kama kweli ni Mkenya. Babu alikuwa amefariki. Kitambulisho chake kilipatikana baada ya kupekua masanduku ya shangazi wawili. Kikao kikaahirishwa mara mbili.

Bila kitambulisho, unajua mwenyewe, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua M-Pesa, huwezi kuomba mkopo wa masomo, huwezi kupiga kura. Kwa hivyo alikaa nyumbani mwaka mzima, akaja chuo akiwa amechelewa, mkubwa kuliko sisi darasani.

Mimi ndiye niliyempa jina la “Guka”. Babu. Kwa miaka minne nilimwita hivyo mbele ya watu, kwa sababu alikuwa mzee wa darasa, na watu wote wakalishika. Naye alikuwa anacheka pamoja nasi.

Nikamwambia pole. Akasema, “Si ulikuwa hujui?”

Ni kweli, nilikuwa sijui. Lakini pia nilikuwa sijauliza, na nilikuwa na miaka saba ya kuuliza.

Nakuambia haya kwa sababu historia yake si ya mtu mmoja. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoiruhusu kufunga wilaya za mbali, na eneo zima la kaskazini likawa la kuingia na kutoka kwa kibali tu. Isiolo ilikuwa lango. Mtu alihitaji karatasi iliyosainiwa na afisa ili kusafiri ndani ya nchi ambayo baadaye ingeitwa yake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mwezi huo huo wa Desemba hali ya hatari ikatangazwa kaskazini, vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Msako wa karatasi ukabaki kwenye vitambulisho. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi agizo la kukomesha uchujaji huo wa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho.

Beshte aliitazama sahihi hiyo kwenye simu siku hiyo, mara kadhaa. Hakumwambia mtu yeyote darasani. Darasa lilikuwa limeshaisha zamani.

Jumapili: Shaba

Asubuhi tulichukua barabara ya Moyale. Archer's Post iko karibu kilomita 35 kutoka Isiolo, ng'ambo ya daraja la mto Ewaso Ng'iro. Upande wa magharibi wa barabara kuna mbuga ya Buffalo Springs, upande wa mashariki kuna Shaba. Tulianza kwa kuvuka daraja ili tunywe chai Archer's Post.

Hapa nina onyo kwako wewe mwenye kidole chepesi cha kamera. Utaona morani amevaa shanga zake, mama amependeza, na mkono utaingia mfukoni. Omba kwanza. Ukiambiwa picha ina bei, usikasirike wala usiende mtandaoni kulalamika kwamba watu wa huku wanapenda pesa. Kule Marekani tunaona ni sawa kabisa staa akilipisha kupigwa picha, na tunapanga foleni. Morani naye anajua uso wake umeuza kadi za posta, kalenda na mabango ya watalii kwa miaka mingi bila yeye kuona shilingi. Elewaneni bei, au weka simu mfukoni mpige stori. Sisi tulipiga stori, na mzee mmoja akatuambia mvua ilivyokuwa.

Halafu turudi kwa Survivor. Msimu wa tatu wa kipindi hicho, Survivor: Africa, ulirekodiwa Shaba mwaka 2001. Wamarekani 16 waligawanywa katika timu mbili na kuishi huko siku 39, wakilala ndani ya maboma ya miiba ili simba wasiwafikie. Kuna siku walishindana kunywa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, na Marekani nzima ikashangaa kitu ambacho ni chakula cha jirani zetu wafugaji. Timu moja iliitwa Samburu. Nyingine iliitwa Boran.

Hebu tulia hapo. Mwaka 2001 beshte wangu alikuwa na miaka minne. Kila Alhamisi usiku mamilioni ya watu ng'ambo walikuwa wakishangilia timu yenye jina la jamii yake. Miaka mingi baadaye, huku nyumbani, jina hilo hilo ndilo lililomfanya aulizwe babu yake alizaliwa wapi.

Ili tuwe wa haki, mshindi wa msimu ule hakuondoka na dola milioni moja akasahau. Ethan Zohn, aliyekuwa mlinda lango na aliyewahi kuichezea Highlanders ya Zimbabwe, alishirikiana na wenzake kuanzisha Grassroot Soccer mwaka 2002, shirika linalotumia kandanda kuwafundisha vijana wa Afrika kuhusu Ukimwi. Kuna mastaa wanaopita, na kuna wanaobeba kitu walichokiona.

Shaba pia ndiko maisha ya Joy Adamson yalikoishia. Aliuawa katika kambi yake huko Januari 3, 1980, akiwa anamlea chui. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba, kumbe ilikuwa mkono wa binadamu. Mchezo wetu wa mastaa ulianzia kwenye filamu yake kule Naro Moru, ukamalizikia mahali alipofia. Hatukuwa tumepanga hivyo.

Mkifika langoni mtaulizwa vitambulisho, maana raia hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje. Nilitoa changu mfukoni, kimepinda, kina rangi ya wali wa jana. Beshte alifungua pochi, akatoa chake kutoka kwenye kifuko cha plastiki. Kilikuwa kipya kama siku kilipotolewa. Nimemjua miaka saba na sikuwahi kuona anavyokitunza.

Kisha mlinzi akatusogezea daftari la wageni. Jina, nambari ya gari, unakotoka, sahihi. Beshte alianza. Kwenye sehemu ya unakotoka aliandika “Hapa”. Mlinzi akaisoma, akacheka, akamwambia kitu kwa Kiborana, nao wakaulizana amani ya watu, ya watoto na ya mifugo huku mimi nikisubiri. Akatia sahihi polepole, herufi zote za jina lake zikisomeka, mstari mrefu chini yake.

Mlinzi akanipa kalamu. Nikaandika jina, nikaandika Nairobi, nikasaini chini ya yake.

“Twende, Guka,” nilitaka kusema, kwa mazoea. Nikamwita kwa jina lake.